Umetoka kanisa la wazazi, sasa utasali wapi? Njia tano, na nani atakuzika

Tuanzie mwisho kabisa: ukifa wiki hii nani atasimama mbele ya jeneza lako, na atasema nini? Najua ni swali la kushtua lakini kwa mtu aliyetoka kanisa alilozaliwa ndani yake hili ndio swali linalomkosesha usingizi, kuliko Utatu na kuliko sabato. Mafundisho unaweza kuyaacha kimyakimya kichwani mwako na hakuna atakayejua. Lakini kwaya ya kuimba mamako akifariki, watu wa kukuchangia ukilazwa, kina mama wanaofika na masufuria kabla hujawaita, hao wote walikuwa wa kanisa, na ukitoka wanabaki kule.

Nimeona watu wakitafuta pa kwenda kwa kusoma imani tu, usiku kucha kwenye simu, hawa wanaamini nini na wale wanaamini nini, alafu wanajiunga na kikundi kizuri kabisa cha watu wanane, na baba akifariki ndio wanagundua hao wanane hawajawahi kuita hata komiti ya mazishi. Kwa hivo hapa nimelinganisha njia tano kwa vipimo ambavyo vijitabu vya dini haviandiki. Nawaandikia hasa waliolelewa kwenye Ukristo mkali hapa Kenya. Tanzania na Uganda nitazigusa njiani. Aliyetoka Uislamu hali yake ni tofauti, kuna mambo ya mirathi na ya Kadhi yanayotaka mtu anayeyajua vizuri, sitajifanya. Na kama hutaki tena mambo ya roho kabisa, wasioamini wana chama chao Kenya kilichosajiliwa 2016, hao watafute moja kwa moja, hapa tunaongelea mtu ambaye bado kuna kitu kinamvuta.

Vipimo vyenyewe

Kuingia: wanakupokeaje, wanakupa muda ama wanakukimbiza na fomu ya uanachama jumapili ya pili. Maswali: unaweza kusema "hili siliamini" kwa sauti na ukaendelea kupewa chai? Pesa: wanaombaje, mbele ya watu ama kwa siri, na wasiotoa wanatazamwaje. Shughuli: ndoa, mtoto, hospitali, msiba. Kutoka: mtu wa mwisho kuondoka hapo alienda wapi, na bado wanaongea naye?

Hicho cha mwisho ndicho nakiamini kuliko vyote. Kila mahali ni pazuri siku ya kuingia. Uliza kuhusu aliyetoka alafu usikilize sauti, kama wanamwita kwa jina lake na kucheka kidogo uko salama, kama wanashusha sauti na kusema "alipotea", "shetani alimshinda", wewe ndio utakuwa hadithi inayofuata.

Kuhusu shughuli niongeze kidogo kwa sababu vijana wanadharau. Kenya mazishi si yako peke yako. Mwanasheria S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akasema mumewe alitaka kuzikwa kwingine, ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufaa na 1987 ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Huyo alikuwa wakili mkubwa wa Nairobi. Sasa wewe na mimi ambao tumeacha kanisa na hatujaandika hata karatasi moja, unadhani siku hiyo nani ataitwa kuongoza ibada? Ni yule yule mchungaji uliyemkimbia, na ataongea dakika arobaini kuhusu mwana mpotevu.

1. Makanisa ya kale yenye liturujia (Anglikana, Lutheri, Katoliki)

Watu wengi waliotoka makanisa makali ya kilokole ama yale yanayohesabu kila kosa wanaishia hapa na wanashangaa wenyewe, kwa sababu walifundishwa kwamba hawa ndio "wakristo wa jina".

Kuingia: raha yake ni kwamba hakuna anayekuona. Cathedral kama All Saints pale Nairobi ina ibada kadhaa kila jumapili, za Kiingereza na za Kiswahili, unaingia unakaa nyuma unasimama wakisimama unatoka, unaweza kufanya hivo hadi nywele ziote mvi. Parokia ndogo za mtaani ni tofauti, kuna ile "wageni simameni tuwaone", kwa mtu aliyetoka na majeraha hiyo inatosha kumfanya asirudi. Kama ulishabatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kwa kawaida hawakubatizi tena, Anglikana utaandaliwa kwa kipaimara na askofu atakuwekea mikono, Katoliki utaingia mafundisho ambayo ni marefu na mara nyingi yanaishia Pasaka. Jambo la kujua mapema: komunyo ya Wakatoliki ni ya Wakatoliki, utabaki kwenye benchi wengine wakienda mbele, Waanglikana wanakaribisha waliobatizwa makanisa mengine.

Maswali: kila jumapili mtasoma Kanuni ya Imani kwa sauti na hakuna atakayekushika shati kukuuliza kama sentensi ya nne unaiamini. Hilo kwa watu wengine ni unafiki, kwa wengine ni pumziko, mimi niko upande wa pumziko. Mapadri na wachungaji wao wamesoma theolojia miaka, ukiuliza swali gumu hutasikia "wewe una pepo la maswali". Upande wa wanawake wametofautiana, Anglikana Kenya ilipata maaskofu wanawake 2021, Emily Onyango akiwa askofu msaidizi Bondo na Rose Okeno akawa askofu wa Butere, KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, ina wachungaji wanawake, Katoliki hapana. Kama umeachika na unataka kuoa ama kuolewa tena, kwa Wakatoliki jitayarishe kwa safari ndefu ya mahakama ya kanisa.

Pesa: ipo na haifichwi. Bahasha zenye namba, harambee ya paa, ahadi ya mwaka, na kwa Walutheri wa Tanzania mnada baada ya ibada ambapo kuku mmoja ananunuliwa mara tatu na kurudishwa (huo mnada mimi naupenda, watu wanacheka). Hutishwi na laana ya Malaki kila wiki kama ulikotoka, lakini daftari lipo.

Shughuli: hapa hawana mpinzani. Wana kitabu cha ibada ya mazishi ambacho hakitegemei kama mchungaji anakupenda ama la, maneno yale yale yanasomwa kwa tajiri na kwa mlevi. Ila kuna masharti ambayo mtu wa cathedral wa kukaa nyuma hayajui. Wakatoliki wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970 wamejengwa juu ya jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi na kitu za mtaa mmoja zinazosali pamoja kila wiki, na ukifa swali la kwanza la parokia ni jumuiya yake ni ipi. Kama hukuwahi kuonekana, familia itahangaika, Tanzania ugomvi wa "hakuwa anasali jumuiya" unajulikana hadi kwa watoto. Kwa hivo ukichagua njia hii usiichague nusu, faida yake kubwa iko kwenye jumuiya na huko ndiko hakuna kujificha.

Kutoka: hakuna anayekufuata. Utatoka kama ulivyoingia, na jina litabaki kwenye daftari la ubatizo.

Inamfaa aliyechoka kupiga kelele na bado Yesu hajamchosha, na yule ambaye mamake atalia lakini atasema afadhali ni kanisa.

2. Marafiki (Quaker)

Hapa kuna mtego. Ukisoma kwenye intaneti utaona Quaker wa Uingereza wanakaa duara kimya saa nzima, hakuna mchungaji, mtu akiguswa anasimama anasema maneno mawili anakaa. Unavutiwa, unaenda Kanisa la Friends la karibu, unakuta pasta, kwaya, ngoma na mahubiri ya saa nzima. Wote ni Marafiki. Wamarekani watatu walifika Kaimosi 1902 wakaanzisha misheni, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Quaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani, wengi Waluhya wa Vihiga, Kakamega, Bungoma, na ibada yao imekua kwa njia yake. Mkutano wa kimya upo Nairobi, uliza kwenye kituo cha Friends Ngong Road, lakini ni mdogo. Kwa hivo lazima niwatenganishe kila kipimo.

Kuingia: Kanisa la Friends linakupokea kama kanisa lolote la kijijini, kwa kelele na chai, kuna mafundisho ya uanachama, na kwa sababu hawabatizi kwa maji wala hawana Meza ya Bwana ya mkate na kikombe, huna jaribio la kupita mbele ya watu. Kwenye kimya unaingia unakaa. Ndio hivo tu. Mara ya kwanza dakika ya ishirini inakuwa ndefu sana, tumbo linanguruma na kila mtu anasikia.

Maswali: wa kimya ndio huru kuliko wote kwenye orodha hii upande wa Ukristo, hawana kanuni ya imani ya kukariri, wana wanachoita shuhuda, yaani amani, ukweli, usawa, maisha yasiyo na makuu. Kanisa la Friends la magharibi ni la kiinjili, usiende ukitegemea kwamba wasiwasi wako kuhusu Biblia utachekewa. Wote wawili wana kitu kimoja nakiheshimu mno: kwa desturi maamuzi hayapigiwi kura. Karani, yaani anayeongoza kikao, anasikiliza mpaka aone mkutano umeelekea wapi, na kama haujaelekea popote jambo linangoja. Kwa mtu aliyetoka mahali ambapo sauti ya mtu mmoja ilikuwa sauti ya Mungu hii ni dawa, ingawa mikutano yao jamani ni mirefu.

Pesa: Kanisa la Friends ni sadaka na harambee za kawaida. Wa kimya, kuna kisahani mahali, hakuna anayekiangalia.

Shughuli: Kanisa la Friends likiwa kwenu magharibi litakuzika vizuri sana, wana mashule, wana hospitali Kaimosi na Lugulu, wana mtandao wa kina mama ambao ukianza kusonga tenti zinasimama zenyewe. Mkutano wa kimya utakupa watu wachache wa kweli watakaokuja hospitali na kukaa na wewe bila kukuhubiria, lakini baadhi yao ni wageni wa mashirika ambao mkataba ukiisha wanarudi kwao.

Kutoka: kimya pia.

Inamfaa mwenye mashaka na wachungaji, mpenda amani, mtu asiyeogopa kukaa na mawazo yake. Haimfai anayehitaji wimbo ndio alie.

3. Wabahai

Dini yenyewe ilianzia Iran 1844, mwanzilishi wake mkuu ni Bahá'u'lláh, wanaamini Mungu mmoja aliyetuma wajumbe kwa zamu, Musa, Buddha, Yesu, Muhammad, na Bahá'u'lláh kwa zama hizi. Afrika Mashariki si wageni. Hekalu lao la Kampala kwenye kilima cha Kikaaya lilifunguliwa 1961, likiwa la kwanza Afrika, na Kenya walifungua la kwao Matunda, magharibi, 2021. Yana pande tisa, yako wazi kwa kila mtu, ndani hakuna mahubiri, ni maandiko kusomwa na sauti za watu kuimba bila vyombo.

Kuingia: kwa kawaida unaalikwa kikao cha sala nyumbani kwa mtu, watu sita saba, chai, mtoto anasoma sala kwa moyo bila kukosea. Hawana makasisi kabisa. Kujiunga ni wewe kutamka kwamba unaamini, na wengi wanahudhuria miaka bila kutamka. Watakualika sana lakini, leo sala, kesho kikundi cha masomo, kesho kutwa darasa la watoto, usipojua kusema "wiki hii hapana" utachoka.

Maswali: wana kanuni kwamba kila mtu autafute ukweli mwenyewe, asirithi imani ya baba, na kwa mtu kama wewe hiyo inaingia moja kwa moja moyoni. Ila usisikie hiyo tu. Ukishajiunga kuna sheria: pombe hapana, sala za lazima kila siku, mfungo wa siku 19 mwezi wa Machi, mapenzi ni ndani ya ndoa ya mume na mke. Wanahubiri usawa wa mwanamke na mwanamume na wanawake wanachaguliwa kwenye mabaraza ya mitaa na ya taifa, lakini lile baraza kuu la dunia lililoko Haifa, Israel, ni wanaume tu, uliza uone wanavyokujibu, jibu lao litakuonyesha kama utaweza kuishi nao.

Pesa: kama ulitoka kwa sababu ya fungu la kumi hapa utakaa ukijishika kidevu. Hawapokei mchango wa dini kutoka kwa asiye Mbahai, hata ukitaka. Waumini wanatoa kwa siri na ni marufuku kumsukuma mtu. Wana pia sheria ya 19% ya kile kinachobaki baada ya mahitaji yako, deni kati yako na dhamiri yako, hakuna wa kukufuata.

Shughuli: sehemu hii isome mara mbili. Ndoa yao ni nyepesi ajabu, kiapo kifupi na mashahidi, lakini lazima wazazi wote walio hai, wa pande zote mbili, wakubali. Haijalishi wazazi ni wa dini gani. Sasa fikiria wewe ambaye babako hajakusemesha tangu utoke kanisani, na ndoa yako inangoja ridhaa yake. Wapo waliopatana na wazazi kwa sababu ya sheria hiyo na wapo waliosubiri sana. Na maziko, maiti haichomwi na haisafirishwi zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka alikofia. Mkenya wa Nairobi ambaye kwao ni Busia hapo ana kazi, kwa sababu ukoo umeshakodi basi na kaburi limeshachimbwa ushago. Andika wosia, ongea na ndugu zako mapema, na hata hivo kumbuka kesi ya Otieno.

Kutoka: unaandika barua kwamba huamini tena na jina linatolewa, mtaendelea kusalimiana. Wanaotengwa ni wanaojaribu kuigawa dini na kuunda kundi lao, si yule aliyechoka tu.

Inamfaa mtu wa familia anayetaka watoto wafundishwe tabia njema, na asiyekunywa. Kama bia moja ya ijumaa ni sehemu ya uhuru wako mpya, uwe mkweli.

4. Wabudha na vikundi vya meditesheni

Dar kuna hekalu Upanga lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, ilianzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita ambaye ni Mganda, kwa hivo ile "dini ya Wahindi na Wachina" usikubali kuambiwa. Alafu kuna kozi za Vipassana, aina ya meditesheni iliyotoka kwa Wabudha, za siku 10, nchi nyingi, Kenya ikiwemo, siku zote hizo huongei na mtu wala hugusi simu.

Kuingia: njoo ukae. Hakuna anayetaka uache chochote.

Maswali: mnaulizwa mjaribu wenyewe mwone. Mungu si mada. Kwa aliyelelewa na moto wa jehanamu hewa hiyo ni safi sana, na kwa mwingine inakuwa tupu mno, anatafuta wa kumwambia asante na hamuoni.

Pesa: ni ya hiari, Vipassana kwa mfano haitozi kitu na wanapokea mchango kwa aliyemaliza kozi peke yake.

Shughuli: hapa ndipo panavuja. Watakufundisha kufa vizuri lakini komiti ya kukuzika hawana, labda hekalu lenye watawa likusomee. Na nyumbani utaeleza nini? Kizazi cha wazazi wetu kinakumbuka tume aliyoiunda Moi 1994 kuchunguza uabudu shetani, na kwa mama wengi mtoto anayekaa chini amefumba macho mbele ya sanamu hana maelezo mengine.

Kutoka: hakuna mlango wa kufunga kwa sababu hakukuwa na wa kufungua.

Inamfaa aliyejeruhiwa na maneno na asiyetaka kusikia jingine kwa sasa. Mkichanganya na chama cha kufa na kuzikana cha mtaani, ambacho hakiulizi unasali wapi bali umelipa mchango wa mwezi, shimo lile kubwa linazibika. Ushauri huu ni wa kila mtu kwa kweli, mahali pa roho na watu wa kukuzika si lazima wawe wale wale.

5. Ushirika wa nyumbani usio na jina

Watu kumi, wengi wametoka makanisa mbalimbali kama wewe, sebule ya mtu, Biblia na chapati. Siku hizi vimejaa.

Kuingia ni rahisi kuliko kote, rafiki anakuambia twende. Maswali jioni ya kwanza ni mengi, wote mnacheka jinsi mlivyofundishwa ujinga. Msiba ukitokea hawa ndio wanaolala kwako, nasema kwa dhati, kwa upendo wa karibu hakuna anayewafikia. Pesa ni ya kuchangiana kwa simu, aliyepungukiwa kodi analipiwa.

Tatizo ni kwamba hakuna kitu kingine juu yake. Hakuna askofu wa kulalamikia, hakuna karani, hakuna katiba wala hesabu. Kila kitu kinategemea yule mwenye sebule atabaki vile alivyo. Akianza kuota ndoto zinazokuhusu, akisema tusisome tena vitabu vingine, hospitali ni ukosefu wa imani, uza shamba tuhamie mahali fulani, uko kwenye jambo lingine na linaweza kuisha vibaya. Shakahola kule Kilifi 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watu waliofunga hadi kufa, na wengi wao walikuwa wamevutwa na maneno ya kutoka kwenye dunia na makanisa yaliyopotoka, maneno ambayo sisi tuliotoka tunayapenda. Sisemi kila sebule ni Shakahola, nyingi ni watu wazuri tu. Nasema kipimo cha kutoka hapa kipime kwa vitendo: kosa wiki mbili makusudi, useme ulipumzika, uone.

Inamfaa mwenye marafiki nje ya kikundi, mwenye kazi yake na pesa yake mkononi, anayeweza kusema hapana bila kutetemeka. Aliyetoka juzi na hana mtu mwingine, hapana, asianzie hapa.

Sasa wewe uko wapi

Kama umetoka karibuni na bado unaota ndoto za kuchomwa, usijiunge na chochote mwaka huu. Kaa nyuma ya cathedral ama kwenye kimya cha Ngong Road, usijaze fomu. Namba yako ya simu pia unaruhusiwa kuinyima.

Kama kilichokutoa ni pesa, Wabahai na wa kimya na Wabudha ndio watakupumzisha. Kama kilichokutoa ni mtu mmoja mwenye mamlaka yote, tafuta mahali ambapo maamuzi ni ya wengi, yaani Marafiki ama Wabahai, hata Anglikana wana sinodi, yaani vikao vya wawakilishi, na sebule uiache kwanza.

Una watoto wadogo na unataka wakue na kitu: liturujia ama madarasa ya watoto ya Wabahai. Mzazi mmoja bado anasali kanisa la zamani? Msigombanie mtoto kupitia dini, mwacheni aende kote, anaona kuliko mnavyodhani.

Mama yuko hai na anaumia. Anglikana ama Katoliki ataimeza, hata Kanisa la Friends kama ni mtu wa magharibi. Ubudha utamweleza taratibu, usianze na sanamu, anza na "nalala vizuri siku hizi".

Kama wewe ni shoga ama msagaji nikuambie bila kuzunguka: kwenye taasisi zote za Kikristo nilizozitaja hapa Kenya msimamo rasmi si mzuri kwako, Wabahai sheria yao ya ndoa nimeshaitaja. Kwenye kimya na kwenye meditesheni kuna nafasi kubwa zaidi ya kutoulizwa, ingawa kutoulizwa na kupokelewa ni vitu viwili. Ushirika mdogo unaokaribisha watu wote upo, haujitangazi mahali unapokutana kwa sababu za usalama, utafikishwa na mtu unayemwamini na si kwa tangazo.

Uko mji mdogo, hakuna hekalu wala kimya, kuna makanisa manne na yote yanajuana na lile ulilotoka? Chagua lile ambalo mchungaji wake anaweza kukaa na wewe saa moja bila kukuombea kwa nguvu, na imani yake weka pembeni kwa sasa. Kimya unaweza kukitafuta nyumbani na kozi ya siku 10 ukaenda likizo.

Uko Uingereza ama Marekani, mizani inageuka. Uingereza Quaker wa kimya wako karibu kila mji na hawatakuuliza umetoka wapi. Lakini usiukate mguu wako kabisa kwenye ile ibada ya Kiswahili ya jumapili mchana, hata kama mahubiri yanakukera, kwa sababu siku mtu akifariki huko wao ndio wanaojua ubalozi unataka karatasi gani, mochari inadai kiasi gani kwa siku, na nani wa kupigiwa ili mchango wa kusafirisha mwili ufike kabla ya ijumaa.